Mteja Mmoja wa Ghorofa Kumi na Nane

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, nikidhani ofisi ni ofisi. Kumbe ofisi yenyewe ilikuwa chumba nyuma ya karakana, katika depo ya magharibi ya Toronto, na kukifikia ilibidi upite kwenye uwanja uliojaa nguzo, magurudumu makubwa ya kukunjia nyaya na theluji iliyochanganyika na mafuta ya magari. Nilianguka mara mbili kabla sijamwona msimamizi wangu. Alinitazama miguuni, akaenda kunitafutia buti za mwanaume fulani aliyestaafu, akasema, "Karibu kwenye umeme. Hapa si nyaya tu zinazoua, hata sakafu inaua."

Nilikuwa na cheti cha ufundi umeme kutoka Dar es Salaam, na kabla ya kuolewa na kuletwa huku nilishafanya kazi kwenye kituo cha kupoza umeme. Cheti changu walikisoma kwa heshima, wakanirudishia. Walisema ninahitaji uzoefu wa Kanada, na uzoefu wa Kanada haupatikani mpaka uajiriwe Kanada. Nyie mliokuja juzi mnaijua hadithi hii, sina haja ya kuirudia. Nikachukua kazi ya karani wa kumbukumbu za mtandao wa umeme, nikanuna mwaka mzima. Kununa ninajua, muulizeni mume wangu.

Kwa wale wasioijua kazi yetu, nieleze kidogo. Umeme wa jimbo hili unatoka mbali, kwenye maporomoko ya maji na kwenye mitambo ya nyuklia. Unasafirishwa kwa msongo mkubwa juu ya ile minara ya chuma mnayoiona kando ya barabara kuu. Ukifika mjini unaingia kituo cha kupoza umeme, ambako transfoma kubwa zinaushusha msongo, kisha unagawanywa kwenye fida. Fida ni laini inayotoka kituoni kwenda mitaani, nyingine juu ya nguzo, nyingine chini ya ardhi. Ile safari ndefu tunaiita usafirishaji, na huku mitaani ni usambazaji. Mimi maisha yangu yote nimekuwa mtu wa usambazaji.

Pale depo kila fida ilikuwa na droo yake, na ndani ya droo kila transfoma ilikuwa na kadi yake. Kadi ilieleza transfoma ilifungwa lini, imeunganishwa na kebo ya aina gani, na inalisha wateja wangapi. Yote yaliandikwa kwa wino. Lakini kwenye pembe ya kadi za majengo marefu nilikuta namba nyingine, imeandikwa kwa penseli, na haikulingana na ile ya wino. Nilidhani ni uchafu. Nilipouliza, msimamizi alicheka.

"Hiyo ni ya mafundi wenyewe," alisema. "Fundi akienda kwenye jengo la kupangisha, anamwuliza mtunza jengo familia ngapi zinaishi humo. Akirudi anaandika kwa penseli. Haimo kwenye kanuni yoyote, lakini laini ikikatika tunataka kujua watu wangapi wako gizani. Mita haiogopi giza."

Lazima mwelewe hapo, kwa sababu ndipo mambo yote yalipoanzia. Majengo mengi ya zamani ya kupangisha katika jiji hili yana mita moja tu kubwa, ya mwenye jengo. Wapangaji hawana mita zao. Kwa hiyo kadi ya wino ilisema mteja mmoja, na penseli ilisema familia mia mbili na ushee.

Mwaka wangu wa tatu kazini alikuja meneja wa kumbukumbu kutoka makao makuu, na amri kwamba kadi zote ziingizwe kwenye kompyuta. Fomu ya kompyuta ilikuwa na safu moja tu ya wateja. Niweke wino au penseli? Nilikaa na swali hilo siku mbili. Penseli nyingine zilifutika, nyingine ziliandikwa na watu wawili kwa namba mbili. Nikamwandikia meneja pendekezo: mita moja, mteja mmoja, penseli isihesabiwe kwa kuwa si rasmi. Alinipigia simu mwenyewe. "Safi sana," alisema. "Hatimaye nimepata mtu anayefikiri kama mashine."

Niliichukua kama sifa, nikavimba kichwa. Depo yetu ilimaliza ya kwanza, na depo nyingine zikaambiwa zifuate njia yangu. Kadi zikapelekwa kusagwa. Msimamizi wangu mzee alizitazama zikipakiwa kwenye gari, akarudi ndani kunywa kahawa. Mimi nikapandishwa cheo.

Nikahamishiwa chumba cha udhibiti, ambako fida zote za upande wetu zilionekana ukutani kama mistari ya rangi, na opereta alikuwa akiongea na mafundi kwa redio. Mkuu wa zamu alikuwa mtu mnene asiyeinua sauti. Siku ya kwanza fida tatu zilipoanguka, yaani kuzimika, kwa pamoja nikaruka kutoka kitini, aliniambia, "Kaa chini, mama. Umeme ukikatika, kitu cha pili kuharibika ni kichwa cha opereta." Kwake nilijifunza kuvuta pumzi kabla ya kugusa swichi. Nilikaa pale miaka mingi, nikasoma, nikapata leseni ya nchi hii, na mwishowe nikapelekwa ofisi ya mipango katikati ya jiji. Binti yangu Salma alikuwa keshakua. Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba mama yake sasa ni mtaalamu wa mipango ya mtandao wa umeme, akanipongeza kwa Kiingereza.

Kisha ikaja sera. Mnasikia kila siku habari za kuufanya mtandao wa umeme uwe wa kisasa. Kebo nyingi zilizolala chini ya jiji hili ni kongwe, na sasa watu wanataka kuchaji magari na kupasha nyumba joto kwa umeme huohuo. Serikali ya Ottawa ilisukuma kwa upande wake, ya jimbo kwa upande wake, na makampuni ya usambazaji yakaagizwa yaandike mipango: kebo mpya, mita janja, swichi zinazojifungua na kujifunga zenyewe hitilafu ikitokea. Lakini huwezi kuchimba jiji zima kwa siku moja. Lazima kuwe na foleni, na foleni ndiyo sera yenyewe. Hayo mengine ni hotuba.

Foleni yetu ilipangwa kwa dakika za mteja. Unachukua wateja waliokatikiwa umeme, unazidisha kwa dakika walizokaa bila umeme, na fida yenye jumla kubwa inatengenezwa kwanza. Nilikuwa mmoja wa walioiandika, na niliipenda. Niliwaambia wenzangu kwamba hesabu haina mjomba, haimpendelei mtu. Nilisema hivyo kwenye mikutano, tena kwa kujiamini.

Kabla orodha haijapitishwa, sheria ilitaka tuwasikilize wananchi. Mkutano mmoja ulifanyika mtaa wa Mount Dennis, kwenye ukumbi wa kanisa. Tulikwenda watatu: mkurugenzi, meneja wangu wa mipango, na mimi. Baada ya hotuba alisimama mama wa makamo mwenye kitenge na koti zito, akasema hataki Kiingereza, kuna jambo anataka kulisema sawasawa. Mkurugenzi akanigeukia. "Hiyo si lugha yako?" Nikasimama kutafsiri.

"Miye naitwa Mama Furaha," alisema, kwa Kiswahili cha Kivu. "Siye tunakaa ghorofa ya kumi na ine, kwa ile jengo ya matofali karibu na reli. Bwana yangu iko na mashine ya pumuzi. Kuran ikikatika, asansere inakufa, na batri ya mashine inakamata masaa kidogo tu. Banaume ba kanisa banamubeba na kiti, ngazi kwa ngazi, mpaka chini. Mwaka hii bamemubeba mara ine. Sasa minauliza: kwa hiyo karatasi yenu, siye tuko bangapi?"

Nilitafsiri yote, kuran ikiwa umeme na asansere lifti. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alivaa miwani, akatafuta fida, akashusha kidole mpaka kwenye jengo. Kidole kikasimama. Alinyanyua karatasi karibu na macho.

"Mmoja," alisema polepole. "Hapa pameandikwa mteja mmoja."

Ilibidi niseme kwa sauti mbele ya ukumbi mzima. "Mmoja."

Watu walicheka kwanza, wakidhani nimekosea kutafsiri. Mama Furaha hakucheka. "Mmoja njo nani?" aliuliza. "Ni miye, ao ni bwana yangu?"

Swali hilo sikulitafsiri. Sikuweza. Nilikaa chini, kwa sababu nilishajua kosa limetoka wapi.

Jumatatu nilifungua kompyuta nikaitafuta kanuni ile ilikotoka. Ilikuwamo, pamoja na pendekezo langu la zamani, lina jina langu na maneno yaleyale: mita moja, mteja mmoja. Na halikuwa jengo lile tu. Kila jengo la zamani la mita moja, mashariki mpaka magharibi ya jiji, lilihesabiwa sawa na nyumba moja yenye bustani. Barabara ya nyumba arobaini ilikuwa wateja arobaini. Ghorofa kumi na nane zilizojaa watu zilikuwa mteja mmoja. Kwa hesabu hiyo wangefikiwa na kebo mpya wa mwisho kabisa. Na yule mwenye mashine ya pumzi hakuwa na muda wa kusubiri wa mwisho. Nililia pale mezani, nawaambia ukweli. Miaka yote nilikuwa nikijisifu kwamba hesabu haina mjomba, kumbe mjomba nilikuwa mimi.

Nikaenda kwa meneja wa mipango. Alinisikiliza, akafunga mlango.

"Orodha imeshapelekwa kwa mdhibiti wa nishati," alisema. "Ukilifungua hili, foleni ya jiji zima itapanda na kushuka. Watauliza nani aliyeandika kanuni hiyo."

"Mimi."

"Umebakiza miaka miwili ustaafu."

"Ndiyo maana nina haraka."

Alizungusha kalamu vidoleni. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo namshukuru kwalo. "Basi usiniletee majuto. Niletee namba."

Namba ya vyumba jiji lilitupatia kwa barua moja. Lakini sera ilimtambua mwenye mita tu, na mimi nilijua mdhibiti hatatikisika kwa namba ya vyumba peke yake. Penseli ya wale mafundi ilihesabu familia. Nikampigia Mama Furaha, nikamweleza kosa ni langu, nikaomba anisindikize mlango kwa mlango. Alinitaka nirudie. Halafu akasema, "Mama, wee njo ulitufanya mmoja? Kuja basi, utatufanya wengi."

Tulihesabu Jumamosi tatu, tukianzia juu tukishuka. Mama Furaha alikuwa akifanya kazi ya kuhudumia wazee, na jengo zima lilimjua. Wajamaika walitufungulia, Wasomali wakatupa chai, mama mmoja wa Kifilipino alituonyesha friji ndogo ya sindano za kisukari. Tuliandika familia, wazee, watoto wachanga, na kila mashine ambayo umeme ukizimika mtu anakuwa hatarini. Mimi niliyejidai mtaalamu nilikuwa nashika magoti kila ghorofa, yeye hata jasho hana.

Mlango wao ulikuwa karibu na ngazi. Mume wake, Mzee Byamungu, alikuwa mwalimu wa hesabu huko Bukavu kabla ya vita. Alikaa karibu na dirisha na mrija puani, mashine ikinguruma pembeni. Niliinama, nikamwomba radhi. Alinitazama kama mwanafunzi aliyeleta daftari chafu.

"Uliondoa ile namba ya penseli juu ya nini?" aliuliza.

"Haikuwa rasmi, Mzee."

"Aha. Basi ilikuwa ya kweli tu." Akacheka mpaka akakohoa, na Mama Furaha akamkaripia.

Siku ya kikao cha mdhibiti nilitoa ushahidi. Mficha uchi hazai, nikajisemea, na nikaanza na lililo gumu: kanuni hii niliipendekeza mimi, nilikuwa na namba ya kweli mkononi, nikaitupa kwa kuwa ilikuwa rahisi kuitupa. Kisha nikaweka mezani hesabu yetu ya mlango kwa mlango. Mwenyekiti, mama mwenye nywele nyeupe, aliisoma ukurasa kwa ukurasa huku sisi tumekaa.

"Unajua kwamba foleni ni moja," aliniambia. "Hawa wakipanda, wengine watashuka."

"Ninajua, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Na wako tayari?"

"Sidhani kama kuna mtu aliye tayari."

Uamuzi ulitoka baada ya miezi kadhaa: majengo ya mita moja yahesabiwe kwa kaya, na yenye wagonjwa wanaotegemea mashine yapewe uzito zaidi. Orodha ikapangwa upya. Jengo la Mama Furaha lilipanda karibu na juu. Kwenye vyombo vya habari kosa liliitwa kosa la kumbukumbu, jina langu halikutajwa, na ofisini wengine waliacha kunisalimu kwa sababu niliwaongezea kazi. Nilivumilia. Mimi pia niliwahi kuwanunia watu kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Mafundi walichimba msimu uliofuata. Walilaza kebo mpya na kufunga transfoma mbili pale palipokuwa na moja, ili moja ikianguka nyingine ibebe mzigo, pamoja na swichi inayobadilisha njia yenyewe. Siku ya kuwasha nilikwenda kutazama, na kofia yangu ya kazi kichwani. Mzee Byamungu alishuka na lifti, akapanda, akashuka tena, akapanda tena, na chupa yake ya hewa kwenye kigari. Mama Furaha alimwita arudi ndani. Alikataa. Alisema anakagua.

Nilistaafu masika yaliyofuata. Walinipa keki, saa na hotuba. Meneja alisema nimewafundisha uaminifu, nami nikamsahihisha mbele ya watu: nimewafundisha gharama ya kusifiwa mapema. Ninyi mnaoingia kazi hii sasa mna kompyuta zinazojua kila swichi ya jiji. Sina ugomvi nazo. Lakini kila safu mnayoijaza kuna mtu aliyeamua inahesabu nini, na huenda alikuwa karani kijana aliyetaka kwenda nyumbani mapema. Mwulizeni alitupa nini. Msipompata, pandeni ngazi mkahesabu wenyewe. Magoti yatauma, hakuna aliyekufa kwa hilo.

Sitaki mnione shujaa, kwa hiyo na hili niliseme. Baridi iliyopita ilinyesha mvua ya barafu, na mchana wa Jumamosi fida ya mtaa wetu ilianguka. Nyumba zetu ni za kujitegemea, kila moja na mita yake. Saa zilipita, nyumba ikawa baridi kama stoo ya nyama. Mume wangu alikaa sebuleni na makoti mawili, akilaani.

"Mtaa huu tuliahidiwa kebo mpya," alisema. "Tulikuwa juu kabisa kwenye ile orodha yenu. Nani ametusogeza nyuma?"

Nilikuwa nimelijua hilo tangu siku orodha mpya ilipotoka, na sikuwahi kumwambia. "Mimi, Baba Salma."

Alinitazama. "Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

Alijifunika blanketi kichwani, akanuna. Baada ya miaka arobaini ya ndoa amejifunza kwa mwalimu mzuri. Sikumlaumu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na mimi mwenyewe vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Ndipo simu ikalia. "Kuran iko kwenu?" aliuliza Mama Furaha. Nikamwambia haipo, na haijulikani itarudi lini. "Huku iko," alisema. "Miye nimeweka maharagi ku moto. Kujeni bote, na mablanketi, mutalala."

Mume wangu aligoma kwa dakika tano, kisha akaingia garini. Tulipanda lifti mpaka ghorofa ya kumi na nne, hata taa haikupepesa. Mama Furaha alifungua mlango, joto na harufu ya maharage vikatupokea. Mzee Byamungu alikuwa kwenye kiti chake, mashine ikinguruma. Alimtazama mume wangu na makoti yake mawili, akanitazama mimi, akatazama mablanketi tuliyoyabeba mabegani. Kisha akasogeza mrija ili aongee vizuri.

"Karibuni," alisema. "Karibuni, wakimbizi."